Mto, Bati na Waya: Kuuelewa Umeme Tukianzia Karagwe na Kyerwa

Murongo, wilayani Kyerwa katika Mkoa wa Kagera, Tanzania, ni mji wa mpakani. Mto Kagera unapita kati, na ng'ambo ya pili ni Kikagati, katika wilaya ya Isingiro nchini Uganda. Mahali hapo maji hushuka kwa kasi, na wachimbaji wa madini walipaona mapema. Katika miaka ya 1930, vilima vya eneo hilo vilipokuwa vikichimbwa bati, kampuni ya machimbo ilijenga Kikagati kituo cha kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji. Uwezo wake ulizidi kidogo tu megawati 1. Kituo hicho kiliharibiwa mwaka 1979, wakati wa vita vya kumng'oa Idi Amin, na kwa miaka mingi mto ukaendelea kupita pale bila kuzungusha chochote. Mwanzoni mwa muongo wa 2020 kituo kipya, Murongo–Kikagati, kikaanza kazi. Uwezo wake ni megawati 14, na umeme wake hugawanywa nusu kwa nusu kati ya Tanzania na Uganda.

Historia hiyo fupi imebeba somo zima la sura hii. Maji yalizungusha mashine, mashine ikatoa umeme, umeme ukasaidia kuchimba bati, na bati ndiyo metali inayounganisha vipande vya ndani ya redio, simu na kompyuta. Vyuoni, mifumo ya umeme na mifumo ya elektroniki husomwa kama masomo mawili, kila moja na vitabu vyake. Mkazi wa Karagwe au Kyerwa anaweza kuyaona yote mawili bila kutoka mkoani kwake: chanzo kiko mtoni, njia iko juu ya nguzo kandokando ya barabara, matumizi yako nyumbani, na akili ya kuyatawala imo ndani ya mita ya LUKU ukutani.

Tangu mwanzo msomaji ashike jambo moja. Umeme haueleweki kwa kutazama kifaa kimoja kimoja. Unaeleweka ukifuatwa mzunguko wake wote. Anayeujua mzunguko anaweza kueleza kwa nini taa inafifia, kwa nini waya unaungua, kwa nini betri ya sola inakufa mapema, na kwa nini fundi wa redio anaweza kukifufua kifaa ambacho mwenyewe alikwishakata tamaa nacho.

Mzunguko na vipimo vyake

Kila mzunguko wa umeme una chanzo, njia ya kwenda, kifaa kinachotumia, na njia ya kurudi. Ukikata njia popote, kila kitu kinasimama. Swichi ya ukutani haifanyi zaidi ya hapo: inakata njia au inaiunganisha.

Ndani ya mzunguko tunapima vitu vitatu. Volti hupima msongo, yaani nguvu inayosukuma. Ampea hupima mkondo, yaani wingi wa chaji zinazopita kila sekunde. Omu hupima ukinzani, yaani kiasi ambacho njia inazuia. Mjerumani Georg Ohm alichapisha mwaka 1827 uhusiano wa vitu hivi: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Ukizidisha volti kwa ampea, unapata wati, kipimo cha kasi ya kutumia nishati. Kwa kanuni hizi mbili mtu anaweza kukagua karibu kila kifaa cha nyumbani mwake.

Tuchukue mfano. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta karibu ampea 8.7. Balbu ya LED ya wati 9 huvuta ampea 0.04 tu. Birika moja, basi, linavuta mkondo wa balbu zaidi ya 220 zikiwaka kwa pamoja. Mwenye nyumba anayechomeka birika, pasi na jiko la umeme kwenye waya mwembamba uliokusudiwa taa anaomba moto ndani ya ukuta wake.

Wengi hudhani kwamba chembe za umeme hukimbia kutoka Murongo hadi kwenye balbu ya Nkwenda. Sivyo. Ndani ya waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unaopitisha ampea 1, elektroni zinasogea takriban sentimita 18 kwa saa. Kinachokwenda kwa kasi kubwa ni msukumo wenyewe, ambao unaenea katika laini nzima karibu kwa wakati mmoja. Tena umeme wa gridi ni mkondo geu: hubadili mwelekeo, ukaenda na kurudi mara 50 kila sekunde, kwa hiyo elektroni hazifiki popote. Mama wa Karagwe anaposuka maziwa, kibuyu huenda na kurudi palepale mikononi mwake, na bado siagi hupatikana. Mkondo geu hufanya kazi kwa namna hiyo. Kazi inatokana na kutikisika, si kusafiri.

Mtikisiko huo huanzia kwenye jenereta. Mwaka 1831, jijini London, Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, umeme hutokea ndani ya koili hiyo. Vituo vya maji vyote duniani bado vinategemea ugunduzi huo. Maji yanapiga mapanga ya tabo, tabo inazungusha sumaku kubwa katikati ya koili, na kila mzunguko unasukuma elektroni upande mmoja kisha mwingine. Kiasi cha nguvu kinategemea wingi wa maji na urefu wa mporomoko: mita za ujazo 100 za maji kila sekunde, zikianguka kimo cha mita 10, zinabeba karibu megawati 9.8 kabla ya hasara za mashine. Ndiyo maana mto wenye maji mengi unaweza kutoa umeme wa maana hata pasipo na maporomoko marefu.

Kwa nini laini ndefu hubeba msongo mkubwa

Umeme ukishazalishwa lazima usafirishwe, na hapo ndipo ulipo ugumu wa wilaya za pembezoni. Kila waya una ukinzani, na kila ukinzani unageuza sehemu ya umeme kuwa joto. Hasara hiyo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne, ukizidi mara tatu, joto linazidi mara tisa.

Fikiria tunataka kusafirisha megawati 1. Tukiisafirisha kwa volti 230, tutahitaji mkondo wa zaidi ya ampea 4,300, na hakuna waya wa kawaida wa nguzoni unaoweza kuubeba. Tukiisafirisha kwa volti 33,000 katika laini ya aina hiyo hiyo, mkondo unashuka hadi ampea 30 hivi. Msongo umezidi mara 143, mkondo umepungua mara 143, na joto linalopotea katika waya uleule limepungua zaidi ya mara 20,000. Hesabu hii ndiyo sababu ya nyaya zinazotambaa juu ya vilima vya Karagwe kubeba msongo wa kilovolti 33, na ndiyo sababu ya transfoma kuwepo.

Transfoma haina kitu kinachozunguka. Ina kiini cha chuma na koili mbili. Koili ya kwanza inatia usumaku unaobadilikabadilika ndani ya chuma, na usumaku huo unazaa umeme katika koili ya pili. Uwiano wa mizunguko ya waya katika koili hizo ndio unaoamua msongo utapanda au utashuka. Transfoma ya kijijini inapokea kilovolti 33 na kutoa volti 400 kati ya nyaya za njia tatu, ambazo ni sawa na volti 230 kati ya waya mmoja wa moto na nyutro. Inafanya kazi hiyo kwa mkondo geu tu. Mkondo mnyoofu wa betri hautikisi usumaku, hivyo hauwezi kupita ndani yake.

Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera haukuunganishwa na gridi ya taifa ya Tanzania. Umeme wake mwingi ulitoka Uganda kwa laini ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi kituo cha kupozea umeme cha Kyaka, wilayani Missenyi, na kutoka hapo laini nyingine zikaelekea Bukoba na Karagwe. Nchini Uganda chanzo kikubwa kilikuwa Mto Nile pale Jinja, ambako bwawa la Owen Falls, leo likiitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Mto Kagera, ambao ni mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Viktoria, unapita Rusumo, unapita Murongo, unapita Kyaka, kisha unamwaga maji yake ziwani. Nile unatoka ziwani pale Jinja. Maji yaliyopita kando ya Kyerwa yakiwa hayajatumika yalifika Jinja, yakazungusha tabo, na nishati yake ikarudi kwa nyaya kupitia Masaka na Kyaka hadi Kayanga na Omurushaka. Wilaya ziliuziwa kwa mbali nguvu ya mto unaopita mlangoni pao.

Hali hiyo inabadilika. Kituo cha Rusumo, kwenye mto huohuo wilayani Ngara, kina megawati 80 zinazogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mradi wa laini ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka umekusudiwa kuiunganisha Kagera na gridi ya taifa. Mradi wa Kakono, wa megawati 87.8, umepangwa kwenye Mto Kagera huohuo. Faida ya miradi hii si wingi wa megawati pekee. Laini ndefu isiyo na njia ya pili ina udhaifu wa kimaumbile: mti ukiangukia nyaya, au moto wa kusafishia shamba ukiunguza nguzo, wote walio mbele ya hapo wanabaki gizani. Mtandao wenye njia mbili unaweza kuwalisha kutoka upande wa pili.

Udhaifu mwingine wa laini ndefu ni kushuka kwa msongo. Nyumba iliyo mwisho wa laini inaweza kupata volti 180 badala ya 230. Nguvu ya birika hufuata mraba wa msongo, kwa hiyo birika la wati 2,000 sasa linatoa wati 1,225 hivi, na maji yanachelewa kuchemka. Mota nazo huteseka zaidi. Mota ya mashine ya kukoboa kahawa au kusaga mahindi, inapowashwa, inaweza kuvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida kwa sekunde chache, na taa za majirani zinafifia. Msongo ukiwa umeshuka, mota inashindwa kufikia mwendo wake, inaendelea kuvuta mkondo mkubwa, inapata joto na koili zake zinaungua. Mwenye mashine anayenunua kifaa cha kukata umeme pale msongo unaposhuka mno analinda mtaji wake.

Ndani ya nyumba

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ambao uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umeweka nguzo katika vijiji vingi, na gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja kijijini ni shilingi 27,000. Kizingiti cha fedha kimepungua sana. Kizingiti kilichobaki ni ujuzi, hasa katika kusuka nyaya za ndani.

Nyumba iliyosukwa vizuri ina nyaya tatu. Waya wa moto unaleta msongo, nyutro inarudisha mkondo, na athi inaungana na nondo iliyozamishwa ardhini. Katika hali njema athi haipitishi kitu. Kazi yake inaonekana siku waya wa moto unapochubuka na kugusa mwili wa chuma wa jokofu au pasi. Bila athi, chuma kile kinabaki na volti 230 kikimsubiri mtu wa kukishika. Athi ikiwepo, mkondo mkubwa unakimbilia ardhini na saketi breka inakata.

Msomaji ajue pia mpaka wa saketi breka. Breka ya ampea 20 inalinda waya usiungue. Haimlindi mtu. Mkondo wa milliampea 10 tu unaweza kuikaza misuli ya mkono usiweze kuachia, na milliampea 100 zinaweza kuuvuruga moyo hadi kifo. Milliampea 100 ni sehemu moja ya 200 ya kile ambacho breka ile inaruhusu. Kinachomlinda mtu ni swichi ya kuhisi uvujaji, ambayo hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika milliampea 30 inakata umeme wote kabla moyo haujadhurika. Ningependa kila nyumba ya Karagwe na Kyerwa iwe nayo, na kila anayejenga amwulize fundi wake juu yake kabla ya kupiga plasta.

Tanzania ina utaratibu wa leseni za mafundi wa umeme chini ya EWURA. Fundi mwenye leseni anajua kwamba taa zinastahili waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi waya wa 2.5, na kwamba kila kundi linahitaji breka yake. Kuokoa fedha kwa kununua waya mwembamba au kuiacha athi ni kununua ajali kwa bei nafuu.

Hesabu ya matumizi nayo ni nyepesi. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 1.35 kwa mwezi. Kwa bei iliyowekwa kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni shilingi 135. Betri ya simu yenye milliampea-saa 5,000 inabeba takriban wati-saa 18.5, hivyo uniti moja, hata baada ya hasara za chaja, inaweza kujaza simu kama 40. Anayejua hesabu hii hababaishwi na maneno kwamba chaja ndiyo inayomaliza LUKU. Vinavyomaliza ni vile vinavyotoa joto.

Jua la nyanda za juu

Kabla nguzo hazijafika, Karagwe ilikuwa imeshaingia katika historia ya umeme wa Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama cha maendeleo cha KARADEA kilianzisha wilayani humo kituo cha mafunzo ya umeme wa jua. Mafundi walijifunza hapo kupima mahitaji ya nyumba, kuchagua paneli na betri, na kusuka nyaya za volti 12. Wilaya iliyokuwa mbali na gridi ilikuwa inafundisha teknolojia ambayo leo iko juu ya mapaa ya vijiji vingi vya ukanda huu.

Mazingira yanaipendelea kazi hiyo. Paneli ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya nyuzi 25. Karagwe iko juu na hewa yake ni ya baridi, hivyo paneli yake huweza kufanya kazi vizuri kuliko paneli ileile chini ya jua kali la pwani.

Mfumo wa sola nao ni mzunguko uleule. Paneli ni chanzo, betri ni ghala, kidhibiti chaji ni mlinzi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi isichotwe zaidi ya nusu kila siku kama inatakiwa idumu. Betri nyingi hufa mapema kwa sababu ya kuchotwa hadi tone la mwisho, usiku baada ya usiku, ilhali paneli ni ndogo mno kuzijaza tena.

Kanuni ya laini ndefu inarudi hapa pia. Vifaa vya wati 60 kwenye volti 230 huvuta ampea 0.26, lakini kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Mkondo huo unahitaji waya mnene na mfupi. Aliyefunga paneli nyuma ya zizi na kuvuta waya mwembamba hadi sebuleni anaweza kupoteza sehemu kubwa ya jua lake njiani.

Umeme unaobeba habari

Hadi hapa tumeuzungumzia umeme kama nguvu ya kuwasha, kupasha joto na kuzungusha. Elektroniki huanza pale umeme unapopewa kazi ya kubeba habari na kufanya maamuzi. Kanuni za Ohm hazibadiliki. Vipimo vinapungua na kasi inaongezeka.

Kipande cha kwanza cha kukifahamu ni dayodi. Inaruhusu mkondo upite upande mmoja tu. Chaja ya simu hutumia dayodi nne kugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, kapasita hulainisha mawimbi yaliyobaki, na saketi ndogo hushusha msongo hadi volti 5. Kipande cha pili ni transista, iliyobuniwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani na John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley. Umeme mdogo kwenye mguu wake mmoja unatawala mkondo mkubwa zaidi kati ya miguu mingine miwili. Ikitumika kidogokidogo, transista inakuza sauti. Ikitumika kwa kuwasha na kuzima tu, inakuwa tarakimu: 1 au 0. Simu ya kisasa ina mabilioni ya transista za aina ya pili.

Redio inaonyesha umeme ukibeba habari. Karagwe ina redio ya jamii, FADECO, ambayo imekuwa ikizungumza na wakulima kuhusu mashamba na masoko. Kituo cha FM hurusha mawimbi kati ya megahezi 87.5 na 108. Karibu na megahezi 100 umeme wa antena unakwenda na kurudi mara milioni 100 kila sekunde, ilhali ule wa ukutani ni mara 50. Sauti ya mtangazaji inaubadilisha mtikisiko huo kidogo, kuongeza na kupunguza kasi yake, na redio ya mkulima inayasoma mabadiliko hayo na kuyarudisha kuwa sauti. Mawimbi haya hupita kwa mstari karibu ulionyooka, na hivyo nyumba iliyo bondeni nyuma ya kilima inasikia mikwaruzo, na nyumba iliyo juu ya kilima hichohicho inasikia vizuri.

Mita ya LUKU inatufundisha tarakimu. Ndani yake mna kihisi cha msongo, kihisi cha mkondo, kompyuta ndogo na swichi ya kukata umeme. Tokeni ya tarakimu 20 ni ujumbe uliofungwa kwa siri: unabeba idadi ya uniti na muda ulipotolewa, na mita hiyo pekee ndiyo inayoweza kuufungua. Muda huo uliandikwa kwa kuhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, katika nafasi 24 za 0 na 1. Nafasi 24 zinaweza kuhesabu hadi dakika 16,777,216 tu, na hesabu hiyo ilifika kikomo Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu mwaka ule wateja wa shirika la umeme, TANESCO, waliponunua umeme walipewa makundi matatu ya tarakimu 20 wayaingize kwa mfuatano: mawili yalibadilisha ufunguo wa siri wa mita, na la tatu lilileta uniti. Wengi waliingiza namba zile bila kuelezwa. Kisa chake ni kwamba wabunifu walichagua nafasi 24 zamani, na namba zikajaa.

Bati linarudi kama kiungo

Ukifungua redio, simu au mita, utaona vipande vimeshikamanishwa kwenye bodi kwa metali inayong'aa. Hicho ni kiungo cha bati. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za joto. Likichanganywa na risasi, sehemu 63 kwa 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183, joto ambalo halidhuru kwa urahisi vipande vyenyewe. Kwa kuwa risasi ni sumu, Umoja wa Ulaya uliibana katika vifaa vya elektroniki kuanzia Julai 1, 2006, na viwanda vingi vikahamia kwenye mchanganyiko wenye bati zaidi ya asilimia 95, pamoja na fedha na shaba kidogo. Hitaji la bati duniani limebaki kubwa, na viungo hivi ndivyo vinavyolitumia zaidi.

Bati la Kyerwa, basi, si madini ya kupakiwa magunia na kusahauliwa. Mchimbaji anayeponda mawe yenye kasiteriti, yaani madini ya bati, anatoa kitu ambacho bila hicho hakuna bodi ya saketi inayofanya kazi. Lakini thamani kubwa haiko kwenye mawe. Iko kwa anayejua kuliyeyusha, kulisafisha na kulitumia. Kiungo kilichopasuka, ambacho hakionekani bila lenzi, kinatosha kuizima redio. Fundi mwenye chuma cha kulehemea, waya wa bati na mita ya kupimia anaweza kukirudisha kwa dakika chache. Anafuata utaratibu wa sura hii: je, chanzo kinatoa msongo? Njia ya kwenda imekamilika? Kifaa kina ukinzani unaotarajiwa? Njia ya kurudi ipo? Swali moja baada ya jingine, hadi pale mzunguko ulipokatika.

Vijana wa Kayanga, Nkwenda, Kaisho na Murongo wanastahili kuujua utaratibu huo wakiwa bado shuleni. Mwalimu wa fizikia hahitaji maabara ya gharama ili kuanza: betri ya redio, balbu ndogo, vipande vya waya na mita ya kupimia ya bei nafuu vinatosha kuthibitisha kanuni ya Ohm mbele ya darasa zima. Shule ikishindwa kununua, wazazi wachange. Gharama yake ni ndogo kuliko ya nyumba moja iliyoungua kwa waya mbovu.

Kwako msomaji, kabla ya kufungua sura inayofuata, simama mbele ya ubao wa umeme wa nyumba yako. Tafuta breka ya taa na ya soketi. Angalia kama ipo swichi ya kuhisi uvujaji, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio. Toka nje utafute nondo ya athi ilipo. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, usifungue kitu wala kushika waya. Mwite fundi mwenye leseni wiki hii, kabla hujanunua kifaa kingine chochote cha umeme.